Saa Sita Ipi?

Jumamosi hiyo ilianza kwa harufu ya shati linaloungua. Nelima alikuwa akisukuma chapati jikoni, katika nyumba yake ya kupanga Kitengela, aliposikia mdogo wake akilaani kwa Kibukusu kule sebuleni.

"Umeunguza?"

"Kidogo tu. Iko upande wa ndani."

"Na kwani si hilo shati wanakufungua leo mpaka kifua, kama mtu anaenda kupimwa TB?"

"Dada, hizo ni siri."

"Siri gani, na ni mimi nilizitafsiri?"

Wamalwa akageuza shati, akaendelea kupiga pasi.

Watu wengi wa Kitengela wakisikia neno Frimasoni huona damu, nyoka na magari makubwa. Alichoona Nelima kwa miaka miwili ni wanaume wa makamo wenye suti nyeusi wakibishana nani ataleta soda. Loji yao, Loji ya Nguzo Mbili, ilikutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika jengo lililokuwa stoo ya chakula cha kuku, ng'ambo ya Isinya, ukielekea Kajiado. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa mawe. Mkuu wa Loji alikuwa Bedan Njuguna, mpima ardhi, mtu wa suruali za mikunjo mikali, aliyekariri kila neno la ibada zao kwa Kiingereza na hakuweza kubadilisha hata nukta. Ukimkatiza, alirudi mwanzo.

Wamalwa alifundisha fizikia katika shule moja ya upili huko Isinya. Alijiunga kwa sababu ndogo ambayo Nelima aliielewa hata kama hakuikubali. Kanisani kwa mama yao walimwombea aache kuwafundisha watoto umri wa dunia. Chumba cha walimu walimcheka kwa kuombea chai. Loji ndiyo ilikuwa mahali pa kwanza ambapo aliweza kumtaja Mungu na atomu katika sentensi moja bila mtu kukohoa. Nelima, aliyefundisha falsafa katika chuo kimoja Nairobi, aliona kwamba mtu anayetafuta ukweli hahitaji aproni kama ile wanayovaa lojini. Lakini alikuwa ni mdogo wake, na nguo zake alizifua yeye.

Mama yao, Priscilla, alikuwa amepiga simu kutoka Bungoma asubuhi hiyo hiyo.

"Nelima, niambie tu ukweli. Mtoto wangu anakunywa damu?"

"Mama, anakunywa soda ya machungwa."

"Kwa fuvu?"

"Kwa chupa, Mama."

Ile kazi ya kutafsiri ilianza pale Bedan Njuguna alipoamua kwamba ni wakati mtu apandishwe daraja la tatu kwa Kiswahili, Kajiado iingie katika historia. Wamalwa akajitolea kutafsiri, na pia kuwa huyo mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuitishia chai hotelini. Kwa hiyo kila Alhamisi, miezi mitatu, alikaa meza ya jikoni na kijitabu chao kilichoandikwa kwa herufi za mwanzo tu za maneno, akamsomea dada yake, na dada yake akaandika. Hakumwambia mtu yeyote lojini. Mwanamke hakupaswa hata kukiona kijitabu.

Daraja la tatu ni mchezo wa kuigiza, basi. Fundi Mkuu aliyejenga hekalu anauawa na mafundi watatu wanaotaka neno lake la siri. Wa kwanza anampiga kooni kwa rula ya shaba. Wa pili anampiga kifuani kwa skwea, kile chuma cha fundi cha kupimia pembe. Wa tatu anampiga kwenye paji la uso kwa nyundo ya mbao. Anayepandishwa daraja ndiye anasimama mahali pa Fundi Mkuu. Wanamgusa, wanamlaza juu ya kitambaa kilichochorwa kaburi, kisha wanamshika mkono na kumwinua. Ndiyo maana wanasema mtu ameinuliwa. Mkuu wa Loji anasimulia, wengine wanafanya kile anachosimulia.

Kiingereza cha kijitabu kilikuwa kimepoa kama chai ya jana. "Akampiga," "akampiga," "akampiga." Nelima hangeweza kuacha sentensi ikae hivyo. Alitia chumvi. Wa kwanza akamkata koo. Wa pili akamtoboa kifua. Wa tatu akampasua paji la uso.

"Dada, utatuua," Wamalwa alisema akicheka.

Halafu kukawa na saa.

"Aliuawa twelve, akazikwa twelve," Wamalwa alisoma. "Andika saa kumi na mbili."

"Wewe ni mtoto wa nani? Twelve ni saa sita."

"Aya, saa sita. Zote saa sita. Na mwanzo pia, Mkuu akiuliza ni saa ngapi, wanajibu hivyo hivyo."

Nelima alifurahi sana kumrekebisha, na furaha hiyo ndiyo ilimponza. Alisahihisha kosa la mtoto akaacha la mtu mzima. Aliandika: *Aliuawa saa sita, akazikwa saa sita.* Pembeni akatia kwa penseli: *za mchana? za usiku?* Angeuliza kesho. Kesho ilikuja na makaratasi mia na ishirini ya kusahihisha.

Kabla ya daraja hili Wamalwa alitakiwa kutoa mhadhara lojini, na alifanyia mazoezi mbele ya jiko la gesi. Kichwa chake kilikuwa "Saa ni Nini?"

"Sayansi huhesabu saa," alisema, mkono mmoja mfukoni. "Falsafa huuliza saa ni kitu gani. Imani husema saa ina mwenyewe."

"Na nani yuko sahihi?"

"Lojini hatuulizi hivyo. Tunawakalisha wote watatu meza moja."

"Huko ni kukwepa swali."

"Ni adabu, dada."

Kwa hiyo Jumamosi hiyo alivaa shati lililoungua upande wa ndani, akala chapati mbili amesimama, akaondoka saa tatu. Saa nne na nusu simu ikalia.

"Dada, nimesahau aproni. Sitaingia bila aproni. Tafadhali, usiku nitaosha vyombo."

Aproni ilikuwa mezani, chini ya rundo la karatasi za tafsiri. Nelima alipoivuta, ukurasa wa juu ukateleza, na akaona mwandiko wake wa penseli. *za mchana? za usiku?*

Akaguna. Nani angejali? Wanaume wazima wanaigiza mauaji mchana wa Jumamosi. Akauacha ukurasa pale pale, penseli juu yake, akafunga mlango kwa funguo mbili.

Barabara ya Namanga ilikuwa na malori tu. Alifika saa sita kasoro dakika kumi. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa la mabati, na kivuli cha gari kilikuwa kimeingia chini ya gari. Upande wa pili wa seng'enge kulikuwa na nyumba ndefu za kuku, wa mayai, maelfu, na kelele zao zilimfikia kama mvua.

Mzee Kuntai alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi mdogo, nje ya mlango wa ndani, upanga juu ya magoti, redio ndogo sikioni. Yeye ndiye alikuwa Mlinzi wa Mlango. Katika loji yoyote yuko mmoja ambaye haketi ndani na wenzake. Anakaa nje na upanga, asipite mtu. Kuntai alikuwa askari mstaafu wa wanyamapori, na wale kuku walikuwa wake.

"Sopa, Mwalimu," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Nimeleta nguo ya mtoto."

Kuntai aliichukua aproni, akagonga mlango mara tatu. Ndani wakajibu mara tatu. Mlango ukafunguka upana wa mkono, Roy, kijana wa benki mwenye miwani, akaipokea bila kumwangalia Nelima usoni, mlango ukafungwa.

"Unaona?" Kuntai alinong'ona, anafurahi. "Ndugu yako ni sayansi. Wewe ni falsafa. Mimi ni imani. Na ni mimi niko na upanga."

"Huo hata mkate haukati."

"Haukati," alikubali. "Nilikatia keki ya mjukuu, ikaharibika."

Nelima angeondoka wakati huo. Husema hivyo mara nyingi, na kila mara huonekana kama mtu anayehesabu hatua kutoka kwenye kile kiti mpaka kwenye gari. Ni hatua kumi na nne. Lakini alisikia sauti ya Bedan Njuguna ikipita katika mbao, na ilikuwa inasema maneno yake yeye. Hakuna mtu aliyeandika kitu akasikia kinasomwa na asisimame.

"Ndugu Mlinzi wa Kusini," Njuguna alisema ndani, polepole, kwa Kiswahili cha mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Ni saa ngapi?"

Musau, mwenye cheo hicho, ndiye alijibu. Nelima alimjua, fundi umeme wa Athi River, sauti kama ya ng'ombe dume.

"Ni saa sita."



Halafu mtu akauliza, "Ipi?"

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ya mtu aliyeulizwa bei na anataka kuelewa vizuri kabla ya kutoa jibu. Kuntai alishusha redio.

"Nani huyo?" Nelima alinong'ona.

"Ndani wako saba. Nawajua wote." Alikunja uso. "Huyo simjui."

Njuguna, kama kawaida ya Njuguna, alipokatizwa alirudi mwanzo.

"Ndugu Mlinzi wa Kusini, ni saa ngapi?"

"Ni saa sita."

"Saa sita ipi?"

Karatasi zikapekuliwa. Jibu hilo halikuwemo.

"Haya," sauti ile ikasema.

Kuku wakanyamaza.

Si mmoja mmoja. Wote. Nelima alipiga hatua mbili nje ya mlango wa nje akaona, ng'ambo ya seng'enge, maelfu ya kuku wakipanda kwenye fito zao, wakijisogeza bega kwa bega, wakiingiza vichwa ndani ya mabawa. Jua bado lilikuwa juu. Lakini lilikuwa kama taa iliyochorwa. Halikuwa linaangaza kitu. Alitazama miguuni. Hakuwa na kivuli, na hilo ni kawaida saa sita. Kisha akainua mkono mbele ya ukuta mweupe, na hata hapo hakikuwepo.

Ndani, Njuguna aliendelea. Alikuwa ameshaanza na hakujua njia nyingine.

"Fundi Mkuu aliuawa saa sita. Fundi wa kwanza alisimama mlango wa kusini, ameshika rula. Akamkata koo."

Nelima alingoja ule mguso mdogo. Akasikia kitu kikichanika, kama shuka. Mtu akakohoa maji.

"Ehe," akasema Musau ndani, kwa mshangao kabisa. "Ehe, ndugu, si mimi. Si mimi nafanya hivi."

"Kuntai, fungua."

"Siwezi fungua. Mpaka nigonge na wajibu."

"Gonga basi!"

Akagonga. Tatu. Ndani wakajibu. Moja, mbili, tatu. Na ya nne, laini, kutoka chini, karibu na sakafu.

Mzee Kuntai akatazama mlango. "Enkai," alisema, akimwita Mungu kwa lugha yake.

"Fundi wa pili alisimama mlango wa magharibi." Njuguna alikuwa analia sasa. Kila neno lilitoka limesukumwa. "Ameshika skwea. Aka... aka..."

Sauti nyingine ikamsaidia, kwa upole. "Akamtoboa kifua."

Mlio uliofuata Nelima aliujua. Ni ule wa kisu kinapoingia kwenye tikiti bichi. Kisha mdogo wake akapiga kelele, na haikuwa kelele ya mwalimu wa fizikia. Ilikuwa ya mtoto wa miaka sita aliyeanguka mwembeni kule Bungoma, na jina aliloita lilikuwa lilelile aliloita siku hiyo.

"Nelima!"

Kuntai alitupa bega lake mlangoni mara mbili. Mara ya tatu bawaba ziling'oka.

Chumba kilikuwa na mishumaa mitatu na sakafu ya miraba myeusi na myeupe. Myeupe ilikuwa imepungua kwa damu. Musau alisimama ukutani, rula ikidondoka, akijifinya mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyeshika nyoka. Roy alikuwa amepiga magoti, miwani imepasuka, skwea ya chuma mkononi, ncha yake nyekundu hadi kwenye pembe. Wale wengine walikuwa wamebanana kwenye kona na hakuna hata mmoja aliyesogea. Wamalwa alikuwa amesimama. Hilo ndilo lilimtisha kuliko damu. Koo limefunguka, kifua kimefunguka, na bado amesimama, kwa sababu hadithi haikuwa imemwangusha.

Mbele yake Bedan Njuguna alishika nyundo ya mbao kwa mikono yote miwili. Suruali yake ya mikunjo ilikuwa imelowa.

Kati yao kulikuwa na kile kitambaa kilichochorwa kaburi. Kitambaa tu, kimetandikwa juu ya saruji. Kilikuwa kimebonyea katikati. Kimebonyea sana, kama kitambaa kilichotandikwa juu ya shimo.

"Za mchana!" Nelima alipiga kelele. "Saa sita za mchana! Ndivyo ilivyo! Ni mimi niliandika!"

Kitambaa kikasema, "Haikuandikwa."

Njuguna alimtazama. Alifungua kinywa kusema jambo, akaona maneno yanayokuja, na badala yake akafunga meno juu ya ulimi wake. Aliuma. Akauma tena. Nelima aliona misuli ya taya ikifanya kazi, damu ikimwagika kwenye kidevu na kwenye aproni yake ya buluu, kipande kikaanguka kwenye mraba mweupe. Mtu yule aliyekuwa hawezi kubadilisha hata nukta alikuwa amepata njia moja ya kunyamaza.

Haikusaidia kitu.

"Fundi wa tatu alisimama mlango wa mashariki," kitambaa kikaendelea, kwa Kiswahili safi, cha darasani, chenye kila koma ambapo Nelima aliiweka. "Ameshika nyundo."

Mikono ya Njuguna ikapanda.

Sasa alielewa. Kama ni maneno tu, basi maneno yana mwandishi. Alijipenyeza mbele, akasimama kando ya mdogo wake, akasema kwa sauti ile anayotumia kwa wanafunzi mia mbili.

"Wa tatu akakosa."

Nyundo ikasimama hewani.

Wamalwa alipumua kupitia shingo.

"Akakosa," kitambaa kikarudia. Kilikuwa kinaionja. "Vizuri. Akampata nani?"

"Hakumpata mtu."

"Nyundo imepanda. Akampata nani?"

Kila mtu chumbani alimtazama. Roy, kwa macho bila miwani. Musau, akitikisa kichwa, hapana, hapana, mama, mimi niko na watoto. Njuguna, na ule mdomo. Mikono yake ikaanza kushuka. Ilikuwa inarudi kwenye paji la Wamalwa. Polepole. Nelima aliona mishipa ya mikono ya Njuguna ikivimba kwa kuizuia, na haikuzuilika.

Mzee Kuntai alikuwa mlangoni na upanga wake wa keki.

"Mlinzi!" Nelima alisema.

Hilo neno moja tu. Labda alimwita. Upanga ulikuwa na yeye, angeweza kumkata Njuguna mikono. Anasema alikuwa anamwita, na anasema hivyo akiwa ameangalia pembeni. Neno lilitoka bila kitu mbele na bila kitu nyuma, kama ile saa sita.

"Asante," kitambaa kikasema.

Njuguna akageuka. Alivuka chumba kwa hatua nne, akikokotwa na nyundo. Kuntai aliinua upanga kama alivyofundishwa zamani, ukapinda kwenye bega la Njuguna bila kukata. Nyundo ikashuka. Iliandikwa kwamba paji lipasuke, na la Kuntai lilipasuka, kutoka kwenye nywele hadi kati ya macho, na redio ndogo ikadondoka mfukoni mwake ikianza kusoma habari. Haikutosha. Njuguna alipiga hadi mpini wa nyundo ulipovunjika.

Nje, kuku wote wakapiga kelele kwa pamoja. Jua likaingia mlangoni. Kitambaa kilikuwa kitambaa, kimelala juu ya saruji, na Wamalwa akaanguka juu yake.

Polisi waliandika kwamba ni ugomvi, na Nelima hakuwapinga. Angewaambia nini? Wanaume watano walioweza kuongea walisema mambo matano tofauti. Musau na Roy waliwekwa ndani. Njuguna alilazwa chini ya ulinzi, na hata angetaka kujieleza hakuwa na ulimi wa kutosha. Mtaani tayari walishajua. Mama mboga mmoja alimwambia, kwa huruma ya kweli, kwamba hao watu kila mwaka lazima watoe mmoja. Nelima, ambaye siku nyingine angemfundisha kutofautisha uvumi na ushahidi, alinunua nyanya akaenda zake.

Lakini hayo yalikuja siku zilizofuata. Jumamosi hiyo yenyewe, saa tisa, daktari alitoka chumba cha upasuaji akisema Wamalwa ataishi. Koo limeshonwa, mshipa mkubwa ulikoswa kwa upana wa uzi. Pafu limerudi. Kulikuwa na jambo moja tu. Alimwonyesha picha ya eksirei.

"Huyu alipigwa na kitu kichwani akiwa mdogo?"

"Hapana."

"Mfupa wa paji ulipasuka na ukajiunga. Ni jeraha la miaka mingi. Ona mstari."

Nelima aliona mstari. Ulianzia kwenye nywele ukashuka hadi kati ya macho.

Muuguzi, mama mnene mpole aitwaye Elizabeth, alimwomba arudi nyumbani akalete nguo safi na kadi ya bima. "Enda tu, dadangu. Mimi nitakaa na yeye. Nikiona kitu, nakupigia."

Aliendesha gari na damu ya watu watatu kwenye blauzi. Alifungua mlango kwa funguo mbili. Nyumba ilikuwa vile alivyoiacha. Chapati zilikuwa zimefunikwa. Pasi ilikuwa imesimama sakafuni. Alipita jikoni kunywa maji, na hapo mezani ukurasa ulikuwa pale pale, penseli juu yake.

Ncha ya penseli ilikuwa imevunjika.

Pembeni mwa ile sentensi, chini ya swali lake la *za mchana? za usiku?*, kulikuwa na neno moja. Lilikandamizwa hadi karatasi ikatoboka kwenye nukta.

*Zote.*

Aliuchunguza mwandiko kwa muda mrefu. Ile *z* yenye mkia. Ile *t* isiyofika juu. Alikuwa ameisahihisha mitihani ya watu kwa miaka kumi na moja kwa mwandiko huo. Ulikuwa wake.

Akachukua kifutio. Alifuta mpaka karatasi ikachanika, na neno lilikuwa limepita kwenye ukurasa wa chini yake, na wa chini ya huo, na kwenye mbao za meza.

Simu ikalia.

"Dadangu, usishtuke," Elizabeth alisema. "Ni habari njema. Ameamka. Anaongea, hata na hiyo shingo. Anasumbua tu kidogo."

"Anasumbua aje?"

"Anauliza ni saa ngapi. Kila dakika mbili. Nikimwambia anasema asante, halafu anauliza tena." Alicheka kidogo, ile ya wauguzi. "Nikamwambia, wewe mwalimu, unangoja nani? Akasema saa sita ya kwanza ilimkosa. Anangoja ya pili."

Nelima alitazama saa ya ukutani. Mishale ilikuwa mahali ambapo ingekuwa pia alfajiri.

"Hello? Dadangu? Uko hapo? Sasa ameuliza tena. Nimwambie ni saa ngapi?"

"Mwambie saa kumi na moja na robo," Nelima alisema. Kisha, kwa haraka, kwa sauti iliyojaza jiko lote tupu, kwa yeyote aliyekuwa anasikiliza: "Za jioni. Mwambie za jioni. Elizabeth, kila ukimjibu, mwambie ni za nini."

Kwa mbali, nyuma ya muuguzi, sauti ya kile kitambaa ilisema neno moja, kwa upole, kama mwandishi anayeshukuru kusahihishwa.

"Vizuri."